Mkono Ulioshika Brashi

Karakana ya Chapa
6 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, chumba nimepata, na godoro halina kunguni, kwa hiyo hofu yako ya kwanza iondoe. Nakuandikia kwa herufi kubwa usije ukasingizia miwani, kama unavyosingizia sikio kila nikikupigia simu kwa jirani.

Kazi yenyewe ni hivi. Kamati ya maadhimisho ya miaka hamsini ya uhuru imechagua wachoraji kumi. Kila mmoja anachonga picha yake moja kwenye ubao, ubao unapakwa wino, na picha inachapwa nakala hamsini. Kisha picha zetu kumi, moja ya kila mtu, zinawekwa pamoja ndani ya jalada zuri la kitambaa. Majalada hayo hamsini yanakwenda makumbusho, maktaba, vyuoni na kwa wageni wa heshima. Katibu wa kamati, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa kama wa mkunga, alitukusanya siku ya kwanza akatuambia, "Msinichoree bendera. Bendera tunazo."

Mimi namchora baba. Ni ile ile picha niliyokunyang'anya ukutani: amekaa kwenye ngazi, brashi mkononi, na nyuma yake bango la stesheni limepakwa rangi nyeupe lakini halijaandikwa kitu, ikiwa imebaki siku moja tufike kwenye uhuru. Nilipomwambia katibu kwamba huyu ndiye aliyeandika jina jipya la stesheni yetu, alisema, "Nchi kabla haijaandikwa." Nikaitikia kwa kichwa, nikajifanya nami nilikuwa nimewaza hivyo hivyo.

Lakini wewe unajua kwa nini nimemchagua. Ni kwa sababu ya mkono. Nikimwona ameshika brashi kwa kushoto, najiona mimi. Sauti yake siikumbuki, alifariki hata viatu sijajua kufunga. Mkono huu ndio kitu pekee alichoniachia, na sasa unaingia kwenye jalada la nchi.

Leo nimemaliza kuhamishia mchoro kwenye ubao. Kesho naanza kuchonga. Niombee patasi isiteleze.

Binti yako,
Kashoto


Nyumbani
13 Februari

Kashoto wangu,

Marahaba. Barua imefika, na hizo herufi zako zimenifanya nijione nasoma bango la zahanati. Macho bado yanaona. Sikio ndilo lililogoma, tena limegoma kwa maneno ya maana tu; umbea nausikia wote.

Nimefurahi mpaka nimemsomea jirani barua yako mara mbili. Ya pili ilikuwa makusudi, maana mwanawe naye anaitwa msanii na mpaka leo kazi yake hatujaiona.

Ukutani pamebaki alama ya mraba pale picha ilipokuwa. Nikikaa cherehanini macho yanakwenda pale yenyewe. Ni mume wangu, lazima nimtafute.

Lakini nikuulize, mama, ni lazima awe baba yako? Ungechora stesheni yenyewe, na watu wamejaa. Au ngazi peke yake na bango. Watu wakubwa wanapenda vitu vyenye mafumbo. Na kama ni lazima awe yeye, si umchore amekaa tu, mikono mifukoni? Alipenda sana kuweka mikono mifukoni.

Haya, mimi kuchora sijui, najua kushona. Fanya unavyoona. Na ule vizuri, usinywe chai tupu ukaita ni chakula.

Mama yako


Karakana ya Chapa
2 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeharibu.

Nikueleze taratibu. Ukichonga ubao, kila kitu hutoka kimegeuka kwenye karatasi. Cha kushoto kinakwenda kulia, kama unavyojiona kwenye kioo. Kwa hiyo mchoro unageuzwa kwanza kabla ya kuchongwa, ndipo utoke sawa. Kazi hii naifanya tangu ujana, naweza kugeuza nikiwa usingizini, na ndicho kilichoniponza. Kwenye duka la fotokopi niliwaomba waikuze picha na waigeuze kabisa, wakaigeuza. Nilipofika hapa, mikono kwa mazoea ikaichukua karatasi ya kufuatishia mchoro na kuigeuza tena. Nimegeuza kilichokwisha kugeuzwa. Na muda wote niliokuwa nachonga sikushtuka, kwa sababu pale ubaoni baba alikuwa amekaa vile vile anavyokaa sebuleni kwetu. Nilifurahi jinsi anavyofanana! Nilikuwa namwimbia.

Leo tumechapa nakala ya majaribio. Fundi wa mashine aliinua karatasi polepole kwa ncha za vidole, na hapo akawa amekaa baba, amependeza kuliko nilivyotarajia, ameshika brashi kwa mkono wa kulia.

Katibu akapiga makofi. Anataka tuchape nakala zote Jumatatu. Nikamwambia mkono umekosewa. Akaniambia, "Mbona mimi naona mkono mzuri tu?" Simlaumu. Kwake yeye huyu ni mtu wa stesheni.

Unamkumbuka mwalimu aliyekuwa ananifunga mkono wa kushoto kwenye dawati kwa utepe? Nilirudi nyumbani nikakuambia mkono wangu ni mbaya, nikakuomba uukate. Ukanisimamisha mbele ya picha ukaniuliza, "Baba yako ameshika brashi kwa mkono gani?" Kesho yake ulikwenda shuleni na picha chini ya kwapa. Sikusikia ulichomwambia mwalimu, lakini sikufungwa tena. Kila nilichochora maishani kimetoka siku ile. Sasa nimtoe baba mbele ya nchi nzima akiwa amenikana?

Nimeomba ubao mpya. Katibu amenipa mpaka mwisho wa mwezi, kwa shingo upande. Niambie kitu, mama.

Kashoto


Nyumbani
9 Machi

Mwanangu,

Pole. Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaichukua nikaisoma tena.

Naona uiache ilivyo. Umeshachonga, imetoka nzuri, katibu ameipenda. Nani atajua alikuwa anatumia mkono gani? Waliomjua wamebaki wachache, na hao wenyewe macho hawana. Mkono ni mkono. Usijitese na ubao mwingine, mgongo wako naujua.

Huku joto limezidi. Nina sare za kwaya za kushona, na wote wamenenepa tangu nilipowapima.

Mama yako


Karakana ya Chapa
14 Machi

Mama,

Shikamoo.

"Nani atajua." Nilipofika hapo nilirudi juu kuangalia kama kweli ni mwandiko wako. Wewe? Wewe uliyefumua suti ya bwana harusi asubuhi ya harusi yake, ndugu wamejaa mlangoni, kwa ajili ya mshono uliopinda ndani ya bitana? Nilikuuliza nani atauona, ukanijibu, "Mimi." Leo ni mkono wa mumeo, unaniambia mkono ni mkono. Nimeumia, sikufichi. Nilidhani tunamlinda pamoja.

Ubao mpya nimeuanza. Safari hii simwamini mtu wa fotokopi wala sijiamini mwenyewe. Nimeiweka picha mbele yangu naichora upya kipande kwa kipande. Na nimeona kitu kilichonichekesha, angalau nicheke. Mama, ulimshonea baba blauzi? Shati lake limefungwa kike! Upande wa kulia umelalia wa kushoto, vifungo viko kushoto, na hata mfuko wa kifuani uko kulia. Picha hii nimeiangalia maisha yangu yote na shati sikuwahi kuliona, nilikuwa naangalia mkono tu. Nikamwonyesha fundi wa mashine, naye akauliza, "Mama yako alikuwa bado anajifunza?" Nikamwambia labda ni mapenzi yalikuwa yamekuchanganya.

Usijali, vifungo vyako nitavichonga vile vile vilivyo.

Kashoto


Nyumbani
17 Machi

Kashoto,

Weka patasi chini kabla hujaendelea kusoma. Umeiweka?

Mwambie huyo fundi wako kwamba sijawahi kumfungia mwanamume shati kike. Si nilipokuwa najifunza, si nikiwa na mimba yako, si nikiwa na homa. Shati lile ndilo la kwanza nililomshonea baba yako. Vifungo viko kulia, na mfuko uko kushoto, juu ya moyo, panapotakiwa. Kilichogeuka ni picha.

Wiki ile ya uhuru mpiga picha alikuwa na foleni mpaka barabarani, kila mtu anataka akumbukwe. Katika pilikapilika zake, alipokuwa anaisafisha picha, akaiweka filamu upande usio wake. Tulipokwenda kuichukua niliona palepale, shati langu jamani, nikaanza kugomba. Baba yako akacheka, akasema tutairudisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, mpiga picha akahama mji, wewe ukazaliwa, baba yako akaugua. Ikabaki hiyo hiyo moja.

Baba yako alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Brashi, kijiko, kila kitu. Huo wa kushoto hata mlango hakuweza kuufungulia bila kujigonga.

Sasa nisikilize. Siku ile ulirudi shuleni na alama za utepe kwenye kifundo cha mkono. Hukuniomba kwa maneno tu nikukate. Ulikwenda ukachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, ukauweka juu ya meza, ukakunja mkono wa sweta, ukasubiri. Hulijui hilo, naona umelisahau, na nilifurahi uliposahau. Niliangaza macho nyumba nzima nikitafuta mtu wa kunisaidia, na hapakuwa na mtu ila yeye ukutani, ameshika brashi kwa kushoto kwa makosa ya mpiga picha. Ndipo nikakuuliza lile swali.

Mwalimu wako nilimwekea picha mezani nikamwambia, "Mkono huu ndio ulioandika stesheni unayoshukia kila wiki. Haya, na huyu mfunge." Baba yako mdogo alipokuja kututembelea akataka kunisahihisha mbele yako. Nikamkanyaga chini ya meza mpaka akaomba maji.

Sikuombi radhi. Ingekuwa leo ningesema tena, na babu yako ningemwongeza. Ila uliponiandikia kwamba unautupa ubao wa kweli uchonge wa uongo, nilikosa pa kushika. Nikikuambia, nakunyang'anya kitu pekee unachosema alikuachia. Nikinyamaza, uongo wangu unakwenda makumbusho. Nikachagua kunyamaza, nikakuandikia ule upuuzi wa mkono ni mkono, na ningenyamaza mpaka kaburini kama usingenigusa vifungo.

Mkono wako hukupewa na mtu. Ulikuja nao mwenyewe.

Mama yako


Nyumbani
29 Machi

Kashoto,

Siku zinapita. Posta nimekwenda mpaka karani ananitikisia kichwa nikiwa bado niko mlangoni. Jana nimeazima simu ya jirani. Ikapokelewa, nikasikia mlio kama wa nyuki ndani ya kopo, nikasema "Nakupenda" nikakata. Sijui kama ulikuwa wewe. Kama nilimwambia mtu mwingine, basi naye amepata.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi nami nisome.

Mama


Karakana ya Chapa
5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa mimi. Nilikujibu "nami nakupenda" kwa kelele mpaka fundi akazima mashine, kumbe ulishakata.

Nilikasirika, ndiyo, lakini si kwa sababu ya uongo. Nilikuwa kama mtu aliyefiwa. Alipokufa sikuelewa, nilikuwa mdogo, watu wananiambia nilikuwa nacheza chini ya meza wakati nyumba imejaa vilio. Safari hii nilikuwa mkubwa wa kutosha kumlilia. Nikajifungia chumbani, nikawa namlilia mtu wa mkono wa kushoto ambaye hakuwahi kuwapo.

Katibu akaja mwenyewe kunigongea, na mkoba wake. Akakaa kwenye kiti, akatoa machungwa, akanimenyea moja bila kuniuliza kitu. Nilipolimaliza nikamwambia tuchape ubao wa kwanza. Akasema, "Sawa." Akamenya la pili akala yeye.

Tumechapa. Ukishachapa, mchoraji anasaini kila nakala kwa penseli, chini ya picha. Nikakaa mezani na rundo lote mbele yangu, nikaishika penseli, na kabla sijaandika nikautazama mkono wangu. Nilizoea kuutazama na kumwona baba. Sasa sikumwona mtu. Ulikuwa mkono tu, una wino kwenye kucha, na niliuogopa. Nikasaini ya kwanza. Nikasaini ya pili. Nikiwa katikati ya rundo nikaanza kucheka peke yangu, maana kilichonijia kichwani hakikuwa baba. Alikuwa mwanamke anakwenda kasi barabarani, picha chini ya kwapa, anakwenda kumdanganya mwalimu kwa ajili yangu. Ningejua siku ile kwamba mkono huu ni wa kwangu peke yangu, mama, nisingeuweza. Ulinipa mtu wa kunishika mpaka nikakua. Nakupenda. Hii naiandika kwa sababu kwenye simu hukuisikia.

Nimekutumia nakala moja. Mchoraji huruhusiwa kubaki na ya kwake, nje ya zile hamsini, na hiyo ndiyo yako. Ile picha ya zamani nayo imo ndani ya kifurushi. Utaamua mwenyewe ipi irudi ukutani.

Kashoto


Nyumbani
14 Aprili

Kashoto wangu,

Marahaba, mwanangu. Kifurushi kimefika, kona moja imebonyea lakini ndani hakuna kilichoumia.

Nilinawa mikono, nikafuta meza, nikakifungua kwa mkasi mdogo. Nilijua atakuwa ameshika brashi kwa kulia. Kwa mkono nilikuwa nimejiandaa. Kwa uso sikuwa nimejiandaa.

Kuna jambo sijakuambia, na hili hata barua ile ndefu sikuweza kuliweka. Baba yako alikuwa na kishimo kimoja shavuni, shavu la kushoto, kinatokea pale anapotaka kucheka na bado anajizuia. Kwenye picha yetu kilikuwa kulia. Nyusi ile iliyopanda kuliko mwenzake, sikio lile lililochomoza, vyote vilikuwa upande usio wake. Mwanzoni nilikuwa namgeuza mwenyewe kichwani, kama ninavyoitazama nguo iliyo ndani nje na kujua itakavyokaa. Lakini miaka ni mingi. Wa ukutani alikuwa yupo kila siku, na wa kweli hayupo. Kidogo kidogo yule wa ukutani akamsukuma huyu wa kweli. Siku moja nilikuwa napiga pasi, nikataka kumkumbuka akicheka, kishimo kikaja kulia. Nikajaribu tena, kikaja kulia. Nikajua nimempoteza. Nilikutazama, ulikuwa mezani unaandika kazi ya shule kwa raha zako, kwa kushoto, ulimi umeutoa nje. Nikaendelea kupiga pasi. Ningemwambia nani?

Sijuti. Lakini iliniuma, na imeniuma miaka yote hii, na leo naweza kukuambia kwa sababu haiumi tena.

Kishimo umekiweka kushoto. Nimekigusa kwa kidole, na najua hairuhusiwi. Nimekaa naye mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa, maana hakusikia cherehani tangu asubuhi. Nikamwambia mume wangu amerudi. Akanishika paji la uso.

Hii mpya ndiyo iko ukutani. Ya zamani nimeiweka kabatini pamoja na madaftari yako ya darasa la kwanza, maana ilikuwa ya kazi hiyo na kazi yake imeifanya vizuri.

Leo asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nilifumba macho nikamwita kwa kujaribu tu. Amekuja, mwanangu. Amekuja anacheka, na amekuja kwa upande wake.

Mama yako